Si kila mkojo unaomtoka mwanamke ni UTI, kliniki watuulize

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza mkoani Tanga, nina miaka 53, watoto wanne, na barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta kwa aibu, leo naituma hivohivo ilivyo. Juzi ukurasa wenu wa afya uliandika kuhusu UTI sugu kwa wanawake, yani maambukizi ya njia ya mkojo. Yale ya kunywa maji na kumaliza dozi sina neno nayo, ni sahihi, ila pale mliposema mwanamke anayeshindwa kuzuia mkojo akapime UTI alafu mkaishia hapohapo, niliweka gazeti chini nikasema hapana, hapa lazima niandike. Maana mi hiyo UTI nimetibiwa miaka mitatu na ugonjwa wangu haukua huo.

Niseme wazi tu. Nilikua natokwa na mkojo bila kutaka. Nikipiga chafya unatoka, nikikohoa unatoka, nikijitwika ndoo unatoka, harusini wenzangu wakianza kucheka mi nabana miguu kwanza ndo nacheka. Siku nyingine matone mawili matatu, siku nyingine gauni linalowa mpaka nyuma. Sasa fikiria mwalimu wa Darasa la Tatu, watoto zaidi ya 80 wanakutazama, umeshika chaki, lile vumbi likiingia puani chafya inakuja tu. Nilijizoesha kugeukia ubao na kushika ukingo wa meza kwa nguvu mpaka ipite. Nilikua navaa kanga mbili chini ya gauni, na nguo zangu zote za kazini zikawa nyeusi au bluu iliyokolea maana nguo ya rangi nyepesi ikilowa inaonesha. Kwenye mkoba wangu chini ya madaftari ya watoto kulikua na rambo jeusi, wakati huo mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, ndani yake chupi mbili, kipande cha kanga na sabuni ya kipande. Miaka kumi nimelibeba lile rambo. Mwanangu wa pili akiwa bado wa sekondari aliwahi kulifungua akitafuta chenji akauliza mama hizi za nini, nikamfokea mtoto wa watu ambaye hajanikosea kitu.

Ilianza hivi. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa 2009, alikua na kilo 4.2, nilisukuma muda mrefu, nikaongezwa njia, nikashonwa, tukarudi nyumbani salama namshukuru Mungu. Wiki hiyohiyo nikaona nikikohoa nalowa. Kliniki nilienda siku ya 7, nikaenda siku ya 28, nikaenda siku ya 42, kila nikienda mtoto anawekwa kwenye mzani, kadi yake inajazwa, chanjo yake ikifika anachomwa, naambiwa mama hongera mtoto anakua vizuri. Mi mwenyewe niliulizwa kama nanyonyesha na kama nataka uzazi wa mpango, basi. Wale manesi siwalaumu, walikua wawili tu na foleni imetoka nje mpaka chini ya mwembe. Ila hakuna aliyeniuliza habari ya mkojo, na mi mbele ya wamama ishirini tumekaa benchi moja ningeanzaje kusema? Nyumbani nikamuuliza mama mkwe wangu kwa kuzungukazunguka, akanambia mwanangu huo ndo uzazi, wote tunavuja, utazoea. Nikazoea.

Nilipokaribia miaka 46 hedhi ikaanza kuvurugika na mambo yakazidi. Hapo ikaja na ya pili, haja ikinishika inanishika ghafla, dakika mbili sina, nikiskia bomba linamwaga maji au nikifika mlangoni kwangu nikaingiza ufunguo kwenye kitasa tu nimeshachelewa. Usiku naamka mara nne mara tano. Ndo nikaanza kwenda zahanati, na huko kila nikisema mkojo jibu ni UTI. Kipimo kinachukuliwa, naambiwa kuna wadudu kidogo, napewa cipro, vidonge vya antibayotiki. Nikirudi napewa sindano asubuhi na jioni siku tano. Zahanati wakichoka naenda mwenyewe duka la dawa. Niliandika kwenye daftari, dozi 6 ndani ya miaka mitatu, moja ikaniachia fangasi ya wiki nzima. Na wakati wote huo sikua na homa, mkojo hauchomi, hauna harufu mbaya, chini ya kitovu hapaumi. Majirani nao wakasema ni chango, nikanywa mizizi michungu mwezi mzima.

Sisemi UTI haipo jamani, ipo na inaumiza, na yenyewe pia inaweza kumfanya mtu ashindwe kubana mkojo kwa siku kadhaa, ndo maana kupima ni lazima na ikiwezekana mkojo uoteshwe ijulikane mdudu gani na dawa gani inamuweza. Lakini umetibiwa ikaisha na bado ukikohoa unalowa, hapo tatizo ni lingine, na ukiendelea kumeza antibayotiki unawazoesha wadudu dawa ili siku ukiugua kweli zisikusaidie. Hili ndilo nililotaka liwemo kwenye makala yenu.

Sasa watu hawajui huu ugonjwa unakula nini ndani ya nyumba. Safari ya kwenda Tanga mjini haizidi saa moja na kidogo lakini mi nilikua sinywi kitu tangu alfajiri, na kwenye gari nakalia rambo lililofunikwa na kanga. Misibani sikeshi. Taraweh niliacha kwenda msikitini kwa sababu ukirukuu na ukisujudu tumbo linasukuma chini, na mi nilishajihesabu sina udhu. Kitandani nikahamia ukingoni, nikatandika mpira chini ya shuka upande wangu, mume wangu akinisogelea nasema nimechoka. Ilipita miaka. Siku moja akanambia kwa sauti ya chini kabisa, mama fulani kama kuna mtu mwingine niambie tu nijue. Nililia usiku ule na bado sikumwambia. Yani niliona bora adhani mabaya kuliko ajue nakojoa kama mtoto.

Kilichoniokoa sikukitafuta mwanzoni. Nilienda hospitali kubwa kwa sababu ya mgongo, walimu tunajuana na mgongo, nikapelekwa kwa mtu wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi ya viungo. Nikamkuta binti mdogo tu, rika la mtoto wangu, akanipa shikamoo, akafunga mlango, akaanza kujaza fomu. Mgongo unauma wapi, umezaa watoto wangapi, uzito wa mkubwa wao, alafu akasema vilevile kama anavyouliza mengine, "Mama samahani, ukikohoa au ukicheka mkojo unakutoka?" Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hilo swali. Miaka kumi. Nilishindwa kujibu nikaanza kulia, akasogeza kiti chake akasema mama usilie, wengi wanaokuja hapa wanavuja, hawasemi mpaka niwaulize.

Alichonieleza nitakieleza kwa maneno yangu. Wengi wetu huku pwani tunakijua kitanda cha kamba. Bibi yangu alikua nacho, kikikaliwa miaka kamba zinalegea, katikati panabonyea, ukilala unazama mpaka unakaribia kugusa chini. Chini ya nyonga ya mwanamke kuna misuli imetandazwa hivohivo kutoka mfupa wa mbele mpaka kifupa cha mwisho wa mgongo, na juu yake kimelala kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa, na njia zote tatu zinapita katikati yake. Mimba inaikalia miezi tisa, mtoto akipita inavutika sana, mwingine inachanika. Kwa hiyo hata aliyezaa kwa operesheni hajakwepa kabisa maana mimba aliibeba. Alafu hedhi ikikoma ile homoni inayolainisha na kuimarisha sehemu hizo inapungua. Ongezea kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha kusukumia kila siku, uzito mkubwa, kubeba mizigo mizito. Kamba zikilegea, ukikohoa tumbo linasukuma kibofu kwa nguvu na mlango wake haufungi sawasawa. Huo ndo mkojo wa kukohoa na kucheka.

Ule wa ghafla ni mwingine. Hapo kibofu chenyewe kinajikaza kabla hakijajaa, kibofu cha mtu mzima kinaweza kubeba karibu nusu lita lakini hicho kinapiga kelele kikiwa na robo kikombe. Mtu anaweza kua na mmoja, au yote miwili kama mimi, na matibabu yake hayafanani, kwa hiyo ukienda kwa mtaalamu usiseme tu nakojoa ovyo, mwambie unatoka ukifanya nini.

Kitanda cha kamba dawa yake ni kukiwamba upya, na hii misuli nayo inawambwa kwa mazoezi. Wengi mmeyaona kwenye simu yanaitwa mazoezi ya Kegel, jina la daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu 1948. Shida yanafundishwa nusunusu, tena mara nyingi na wauza dawa za mapenzi, mtu anakaza makalio na mapaja na kuzuia pumzi alafu anasema hayafanyi kazi. Na mi ndo nilivyokua nikifanya mwanzo, yule binti akaniwekea mkono tumboni akasema mama hapa pasitikisike, pumua. Akanambia fikiria uko mbele za watu na unazuia upepo usitoke, vuta kwa ndani na kwa juu, alafu vuta na mbele kama unazuia mkojo, makalio yatulie, mapaja yatulie. Nilichukua kama siku nne kuipata ile misuli, na siku nilipoipata nilijua, ni kitu kidogo sana kinachopanda ndani, mtu aliyekaa pembeni yako haoni kitu.

Nilianza nikiwa nimelala chali magoti juu. Vuta, shikilia sekunde tatu, achia kabisa, pumzika, rudia mpaka mara nane au kumi. Baadae sekunde zikapanda mpaka kumi, na mwishoni nakaza na kuachia haraka haraka mara kadhaa. Mara tatu kwa siku, kila siku. Mi niliyafunga na swala, nikimaliza alfajiri, nikimaliza adhuhuri, nikimaliza isha, kwa hiyo sikuyasahau. Kuachia ni muhimu kama kukaza, msisahau hilo. Na msifanye mazoezi kwa kukatisha mkojo katikati kila ukienda chooni, unaweza kujaribu mara moja kuijua misuli ilipo lakini ukifanya ndo mtindo kibofu kinashindwa kujimwaga vizuri. Ingine aliyonifundisha ilinisaidia darasani kuliko zote, ukiona chafya inakuja kaza kwanza ndo upige, ukitaka kuinua ndoo kaza kwanza ndo uinue.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Nasema kwa sababu hapo ndo wengi wanaacha. Wiki ya saba siku moja nimepiga chafya mbili mfululizo mbele ya darasa, nikasubiri ule ujoto, haukuja. Nilisimama pale na chaki mkononi mpaka mtoto mmoja akauliza mwalimu tuendelee kuandika? Yule binti wa fiziotherapia alinambia nihesabu miezi mitatu kamili kabla ya kusema yamefaa au hayajafaa na ndivyo ilivyokua. Mwanangu wa pili, yuleyule wa chenji, saizi anasomea utabibu, nimeshamwambia lile rambo lilikua la nini, na ndiye aliyenitafutia kwamba mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti nyingi yalikuta kati ya wanawake wenye mkojo wa kukohoa waliofanya haya mazoezi, 56 kwa 100 walisema wamepona, wasiofanya 6 kwa 100. Mazoezi ya bure hayo jamani, hayahitaji gym wala nguo maalumu.

Kwa ule wa ghafla yule binti akanipa kazi ya kimwalimu. Chukua daftari, siku tatu andika saa uliyoenda, umekojoa kiasi gani, umekunywa nini, umevuja ukifanya nini. Nilichora mistari kwa rula kama daftari la mahudhurio, kikombe changu cha plastiki nikakitia alama za mililita. Daftari lile lilinionesha mambo mawili ambayo sikuyajua. Moja, nilikua naenda chooni kila nusu saa "kwa usalama tu" na nakojoa kidogo sana, kwa hiyo nilikua nimekizoesha kibofu ujinga. Pili, chai. Chai ya rangi vikombe vitano kwa siku na soda ya kola mchana, vyote vinakichokoza kibofu. Chai nikapunguza mpaka viwili vya asubuhi. Chooni nikaanza kuchelewesha kwa robo saa, haja ikinishika sikimbii, nasimama au nakaa, nakaza ile misuli mara tano sita, nahesabu kurudi nyuma kutoka 100, ule msukumo unapungua ndo natembea polepole. Baada ya wiki naongeza robo saa nyingine. Ilichukua zaidi ya miezi miwili kufika saa tatu.

Na maji, wanawake wenzangu, msijinyime maji. Hilo kosa tunalifanya wote. Ukijinyima mkojo unakua mzito wa rangi ya chai na unakichoma kibofu zaidi, choo kinakua kigumu, na hiyo UTI yenyewe unaikaribisha. Kunywa kawaida yako mchana, punguza masaa mawili matatu kabla ya kulala. Anayekunywa vidonge vya presha vile vya kutoa maji amuulize daktari kama anaweza kuvinywa asubuhi, ila asiviache. Uzito nao, kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2009 wanawake wanene walipunguza kama asilimia 8 ya uzito kwa miezi sita na kuvuja kukapungua karibu nusu. Mi nimepunguza kilo 6, ugali wa usiku nimeuacha kwa mwenye njaa.

Dawa zipo kwa ule wa ghafla, kama oksibutinini na nyingine za jamii hiyo, zinatuliza kibofu ila zinakausha mdomo, zinafunga choo, na kwa wazee zinaweza kuvuruga kumbukumbu, kwa hiyo ziandikwe na daktari tusiende kuzinunua wenyewe kama tulivyozoea. Waliokoma hedhi kuna krimu ya homoni ya kupaka ukeni, nayo ni ya daktari. Mwenye kizazi kinachoshuka, anahisi nyama inachomoza, kuna pete ya mpira inawekwa ndani inashikilia, na zipo operesheni pia mazoezi yakishindwa. Ukiona damu kwenye mkojo, au umeanza kuvuja ghafla na miguu inakufa ganzi, au mkojo umegoma kabisa, usianze mazoezi nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukikojoa sana na kiu haikatiki pima sukari.

Nina jambo la dini, naona wengi linatutesa kimyakimya. Nilidhani swala zangu ni bure. Nilimuuliza bibi mmoja anayetufundisha wanawake darsa, akanambia mwanangu wewe ni mwenye udhuru. Ukijisafisha ukajifunga kitambaa safi au pedi, unatawadha wakati wa swala ukishaingia, unaswali, na kinachotoka kwa ule ugonjwa hapohapo hakikuvunjii, swala nyingine ikiingia unatawadha tena. Nilikaa miaka najinyima msikiti kwa jambo ambalo lina jibu la siku zote kwenye vitabu vya fiqhi. Wakristo nao nawajua, kuna shoga yangu aliacha kwaya baada ya mtoto wa tatu, sauti nzuri ya kwanza ile, anasema kwenye noti za juu anavuja.

Alafu wapo dada zetu ambao hali yao siyo hii kabisa na naomba sana tusichanganye. Mwanamke aliyekaa na uchungu siku mbili tatu, pengine mtoto akafariki, alafu mkojo ukaanza kutiririka usiku na mchana hata akiwa amelala, huyo ana fistula. Kichwa cha mtoto kimekandamiza muda mrefu, damu haikupita, nyama ya kati ya kibofu na uke imekufa pakabaki tundu. Hapo mazoezi hayazibi kitu. Inatibika kwa operesheni, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekua ikitibu fistula bure na kutuma hata nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa afike, na hospitali ya Bugando Mwanza nako wanatibu. Akiwahi mapema baada ya kujifungua tundu likiwa dogo wakati mwingine mpira wa mkojo ukikaa wiki kadhaa linajifunga lenyewe. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 2 huku kusini mwa Sahara na Asia wanaishi na fistula isiyotibiwa. Ukimjua mmoja kijijini kwenu amefungiwa chumba cha uani kwa sababu ya harufu, mfate, mwambie.

Kwa sisi wa kuvuja kwa kukohoa na kwa ghafla tafiti nyingi duniani zinasema ni kati ya robo na karibu nusu ya wanawake watu wazima. Kwenye ofisi yetu ya walimu tuko wanawake 11. Nilipomaliza miezi yangu mitatu nikawahadithia wanne ninaowaamini, wawili wakasema na mimi, mmoja wao hajafika hata miaka 30.

Ombi langu Mhariri ni moja na nalielekeza kwa wote wanaosimamia kliniki za mama na mtoto. Mtuulize. Mwanamke hatasema mwenyewe, mi ni mwalimu, naongea mbele za watu kila siku, na nilikaa miaka kumi kimya. Siku ya 42 mtoto akishuka kwenye mzani mama aulizwe swali moja tu, pembeni, sio mbele ya benchi, mkojo unakutoka ukikohoa au haja ikikushika? Akisema ndiyo afundishwe yale mazoezi dakika kumi, na akirudi na mtoto kwa chanjo zinazofata aulizwe anaendeleaje. Haihitaji mashine. Na wanawake wa miaka 45 kwenda juu wanaokuja kupima presha na sukari waulizwe hivohivo. Makungwi na masomo wetu nao nawaomba, mabinti mnawafundisha mambo mengi ya mwili wao kabla ya ndoa, hili lingekaa humohumo vizuri kabisa.

Mume wangu nilimwambia mwishoni. Alinyamaza muda mrefu, akasema kumbe ilikua hii tu? Akautoa ule mpira kitandani akaukunja mwenyewe.

Mwaka jana binti yangu mkubwa alijifungua, nikamsindikiza kliniki siku ya 42. Mtoto akapimwa, kadi ikajazwa, nesi akasema haya mwingine. Nikamwambia nesi samahani mwanangu, hujamuuliza mama yake kama anavuja mkojo. Akanitazama, nikadhani atanifokea. Akaweka kalamu chini akamsogeza binti yangu kwenye kona ya pazia akamuuliza, na binti yangu, ambaye kalala kwangu wiki sita zote hizo na hajanambia kitu, nikamwona anatingisha kichwa kukubali. Tulipotoka nje wanawake watatu waliacha nafasi zao kwenye foleni wakanifata mpaka chini ya mwembe, mmoja akiwa na mtoto mgongoni akaniuliza, mama, ulikua unasema kuhusu nini mle ndani?

Mwalimu, mama wa watoto wanne
Muheza, Tanga